Uso wa Orest

Kwa miaka thelathini Orest Hnatiuk alipata riziki yake kwa kuwa kiumbe wa sayari nyingine. Tamthilia za anga zilizorekodiwa Vancouver, Kanada, karibu zote zilimpitia: leo mjusi mwenye magamba, kesho mfungwa wa kijani anayeuawa mapema. Sauti yake wengi waliijua. Sura yake, hakuna aliyeijua. Mama yake alifariki kule kwao Yorkton bila kuuona uso wa mwanawe kwenye televisheni, japo kila Ijumaa alikaa mbele ya kioo kumsubiri.

Kwa hiyo alipopewa nafasi ya kuigiza gavana mzee, binadamu, uso mtupu, dada yake Darka alilia kwenye simu. "Hatimaye! Nimeliambia kanisa zima. Unyoe vizuri, usiniaibishe na hizo ndevu zako za mbuzi."

Siku ya kwanza ya kurekodi ilikwenda salama. Ya pili, alisimama mbele ya kamera, akafungua kinywa, maneno hayapo. Wakarudia. Hayapo. Wakamwekea kidude sikioni ili mtu amsomee kwa kunong'ona, Orest akageuka nyuma, akauliza, "Nani huyo ananiita?"

Baadhi walicheka wakidhani ni utani. Colleen Tsang, mpambaji aliyempaka gundi na rangi usoni tangu wote wawili wakiwa vijana, hakucheka. Asubuhi hiyo Orest alikuwa amemuuliza tena na tena kama mumewe hajambo. Mumewe alikuwa amezikwa mwaka uliopita, na Orest mwenyewe alibeba jeneza.

Mwongozaji, kijana mpole aitwaye Preston, alimkalisha pembeni. "Mzee, tupumzike. Kesho utaamka sawa."

"Kesho nitakuwa hivihivi, mwanangu. Daktari ameshaniambia. Yule balozi wa viumbe wa barafu, mmeshampata mtu?"

"Bado. Lakini yule anavaa kinyago."

"Ndiyo maana. Mdomo hauonekani. Mimi nitatembea, nitainama, nitanyoosha mkono. Sauti mtamtafutia mtu baadaye. Gavana mpeni mwenye kichwa kizima."

Preston akachukua kalamu, akaandika jina la Orest penye nafasi ya balozi.

Kesho yake, asubuhi nzima Colleen alikuwa akimbandika kinyago, kipande kwa kipande.

"Unanidondoshea machozi, mama. Gundi haitashika."

"Nyamaza wewe, mjusi mzee."

Orest alipoingia ukumbini, mwili ulikumbuka yote yaliyopotea kichwani. Aliinama mbele ya adui zake taratibu, kama mfalme aliyeshindwa vita, na watu wakasahau kahawa mikononi mwao.

Jioni alimpigia Darka. "Dada, ugavana wamempa mwingine."

"Kwani umefanya nini tena?"

"Nimesahau."

"Umesahau nini?"

"Dada, nimesahau."

Darka akasema anakuja kumchukua. Wiki hiyohiyo akampeleka Yorkton, kwenye chumba alichokuwa akilala mama yao.

Colleen alipiga simu kila Jumapili. Mwanzoni Orest alimwita kwa jina. Baadaye akamwita "yule mama mwenye mikono baridi". Mwishowe hakumwita chochote. Colleen hakuacha. Alimsimulia mvua ya Vancouver, na nani kafanywa zimwi msimu huu, huku akisikiliza pumzi za mzee upande wa pili, mpaka Darka aje kuichukua simu.