Tiketi ya Bonasi na Tiketi ya Kadi

Nikutegee, wewe uliyekaa hapo karibu na moto: mapacha walinunuliwa siku moja, wakatumbukia shimo moja, mmoja akavutwa nje, mwingine yuko huko huko hadi leo. Ni nini hao? Fikiria polepole, mimi naendelea.

Huko Kimulot, karibu na msitu wa Mau, kulikuwa na mama aliyeitwa Nyathira na mzee wake Wachira, wakulima wa majani chai. Kifungua mimba wao, Steve, alifia Kanada akazikwa huko huko, kwenye baridi, na watu ambao wazazi wake hawakuwajua. Tangu siku hiyo Nyathira hakulia. Alichuma chai, akaipeleka ikapimwa, akarudi, akapika. Ukimwita Mama Steve aliitika. Ukimpa uji wa moto sana alikunywa tu, kama ulimi si wake. Kitu kimoja alisema anataka: kufika kwa hilo kaburi, aweke mkono juu yake.

Visa za kuingia Kanada zikatoka, zao wote wawili. Wachira akaenda soko la Merigi akajinunulia koti zito la mtumba. Abigael, binti yao aliyefanya kazi ya ofisi Kericho, akataka kulipa tiketi zote kwa kadi yake ya mkopo. Mzee akakataa. Bonasi ya chai, ile ya kiwanda ya mwisho wa mwaka, ilikuwa imeingia, akasema, na mwanaume haendi kwa kaburi la mtoto wake na deni.

"Baba, hata mbolea unachukua kwa mkopo," Abigael akamwambia.

"Mbolea hairuki."

Basi wakagawana. Ya mama ililipwa kwa kadi. Ya mzee ililipwa kwa noti za bonasi, zimefungwa kwa leso, juu ya meza ya wakala mmoja mjini. Viti vikapangwa pamoja.

Kabla ya siku ya safari kufika, kampuni ile ya ndege ikafilisika. Habari ilikuja kwa redio Nyathira akiosha sufuria. Akamaliza kuosha.

Abigael akaiandikia benki yake kwamba safari aliyolipia haipo tena. Benki ikachunguza, ikairudisha pesa yote kwenye kadi. Akawaeleza wazazi: ukilipa kwa kadi unaweza kuyapinga malipo, na benki inaifuata pesa badala yako, bora tu ulimalize deni kila mwezi, riba isikumalize wewe. Wachira naye alienda kwa wakala, akaambiwa pesa zilishatumwa kwa kampuni, apange foleni nyuma ya wadai wengine. Alirudi akakaa nje mpaka chakula kikapoa. Hakuna aliyemcheka.

Sasa mapacha wangu unawajua.

Jumapili moja Abigael alikuja akiwa ameshika simu. Pesa iliyorudi ilitosha tiketi moja, na nafasi nyingine kwenye kadi alikuwa ameshaitumia kwa mengine. Visa zilikuwa zinakaribia kuisha.

"Ni moja tu," akasema. "Niandike jina la nani?"

Nyathira aliangalia vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa chai. Alijua huu ndio wakati wa kusema. Akaitafuta ndani yake ile hamu ya kufika, akaikuta kama jino lililodungwa sindano: lipo, lakini halisikii. Maneno "aende baba yenu" yalikuwa karibu mdomoni. Maisha yake yote nyama kubwa alimpakulia mzee. Hata hii angempakulia, isingemuuma, si hakuna kilichokuwa kinamuuma.

Wachira akainuka, akatoka. Kupitia mlangoni Nyathira alimwona amesimama kwenye mistari ya chai aliyopanda Steve akiwa bado shule. Hakuchuma hata jani. Alisimama tu, mikono nyuma.

Kisha akarudi, akapita mpaka chumbani, akatoka na lile koti la mtumba. Akalitikisa vumbi. Akamwekea mkewe mabegani, akafunga kifungo cha juu, kile kigumu. Koti lilimfika Nyathira karibu na kisigino. Lilikuwa zito, na uzito ule aliusikia. Kitu cha kwanza kukisikia tangu habari za Steve zije.

Abigael alikuwa bado anangoja na simu yake.

"Andika mama yake Steve," Wachira akasema.