Kahawa Inayopungua

Mwaka huu chuo kimenileta kwenye kiwanda cha kahawa hapa Bukoba, nijifunze uhandisi wa kemikali kwa vitendo. Nakausha kahawa ya kutafuna, naipima, naiacha mezani kwenye sahani. Nikiipima tena, imepungua kuliko hesabu zangu zinavyosema. Mashine ya kukaushia nimeikagua mpaka nikaichukia.

Jana mwalimu wangu, Dokta Byarugaba, alikuja kunikagua. Alinisikiliza huku mkono wake ukienda wenyewe kwenye sahani, kama wa Mhaya yeyote aliyewekewa kahawa mbele yake.

“Joanitha, mashine yako ina hitilafu,” alisema akitafuna.

“Sawa, Mwalimu. Basi naomba upande kwenye mizani ile ya magunia. Sampuli yangu iko tumboni mwako.”