Pembe Iliyokunjwa Mara Mbili

Mimi nina mdomo, sikatai. Miaka ishirini na miwili nimekaa nyuma ya kioo cha mapokezi hospitalini na hakuna mgonjwa aliyewahi kunipanda kichwani. Wamenizoea kwa jina la Mama Faili mpaka jina langu la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Basi asubuhi ile, daktari mpya wa upasuaji aliponijia na kusema anataka mafaili ya mwaka mzima ya wagonjwa ambao kidole tumbo kiliwapasukia ndani, nilimtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Yote, Daktari? Leo hii?"

"Leo hii, Mama. Nimewapasua wengi mno waliochelewa. Kidole tumbo kikiwahiwa ni kazi ndogo. Kikipasuka, usaha unamwagika tumboni, na hapo tunabaki kuombeana. Nataka kujua wanachelewea wapi."

"Wanachelewea makwao," nikamjibu. "Mtu anakaa na tumbo wiki nzima, ndiyo anakumbuka kuna hospitali."

Akatabasamu tu. Nikamwachia dirisha mwenzangu, Bi Miwani, nikaingia chumba cha nyuma kuhangaika na makabati. Kufika saa saba mchana nilikuwa nimepata mafaili thelathini na saba na vumbi la kutosha kupandia mchicha. Nikayabwaga mezani kwake.

Daktari akaanza kuyapekua. Mara akainua uso.

"Mama, chumba chenu cha mafaili kina panya?"

"Panya wa nini tena?"

"Mbona mafaili mengi yana pembe zilizoharibika?"

Nikacheka, tena kwa majivuno. "Hiyo ni alama yetu, Daktari. Niliianzisha mwenyewe. Watu wa bondeni unawajua, wale wenye lugha yao ya peke yao? Basi wale wana mayowe. Akijikwaa kidole anaita ukoo mzima. Zamani walikuwa wanatuvuruga foleni, kila mmoja anakufa, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza. Nikaanza kukunja pembe ya juu ya faili. Sista wa vipimo akiiona, anajua huyu anatia chumvi, anaweza kusubiri. Hatuandiki neno, hakuna aliyetukanwa."

Daktari hakucheka. Akayagawa mafaili mafungu mawili, taratibu, moja baada ya jingine. Fungu moja likapanda, jingine likabaki chini.

"Yaliyokunjwa ni ishirini na tisa," akasema. "Mengine manane. Sasa niambie, katika wagonjwa kumi wanaokuja dirishani kwako, wa bondeni ni wangapi?"

"Wawili. Siku za soko, watatu."

Nilijisikia nikilisema jambo hilo. Wawili katika kumi, halafu fungu lile! Daktari akanifungulia moja: kaingia saa tatu asubuhi, kaonwa saa kumi. Akafungua jingine: kaingia saa nne, kaonwa saa kumi na moja, kafariki siku ya pili. Nikasema lisilo na maana yoyote: "Mimi nilikunja karatasi tu, Daktari." Akafungua la tatu.

Simu yangu ikalia. Ni mwanangu.

"Mama, mke wangu anaendeleaje? Hapokei simu."

"Mke wako yuko wapi?"

"Si yuko hapo kwenu! Nimemshusha getini saa mbili asubuhi. Tumbo linamuuma tangu jana jioni, huku kulia, kwa chini. Nikamwambia akuulizie."

Mkwe wangu ni wa bondeni. Ndoa yao ilikuwa na miezi minane, na nilimpokea kwa mikono miwili. Haya, ukweli usemwe: kwa mkono mmoja na nusu. Harusini sikumwalika hata mmoja wa kazini, na ndiyo maana Bi Miwani hakuwa anamjua. Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na nusu.

Sijui nilifikaje kwenye korido. Daktari alikuwa nyuma yangu. Mkwe wangu alikuwa mwisho wa benchi, kajiegemeza ukutani, kauma ncha ya mtandio wake, na jasho linamtiririka. Aliponiona akautoa mtandio mdomoni, akajitahidi kukaa vizuri.

"Shikamoo, mama."

Jamani! Mtu yuko katika hali ile, ananiamkia!

"Mtoto we, kwa nini hukuniita?"

"Waliniambia uko kazini ndani. Sikutaka kukusumbua."

"Na mbona hukulia? Mbona hukupiga kelele wakakusikia?"

Akainamisha macho. "Sista alikuwa anawaambia wenzake kwamba sisi wa bondeni ni watu wa mayowe. Nikaona nikilia, halafu wajue mimi ni mkweo, watakucheka. Nikajikaza." Akapumua kidogo kidogo. "Lakini sasa hivi nimepata nafuu, mama. Lilikuwa linanikata, likaacha ghafla."

"Mungu mkubwa!" nikasema, nikageuka kumpa Daktari habari njema. Nikamkuta uso umembadilika.

"Kitanda!" akapiga ukelele. "Leteni kitanda hapa, sasa hivi!"

"Daktari, si anasema amepata nafuu?"

"Kikipasuka, maumivu yanaweza kutulia kwa muda, Mama. Ninaiogopa sana nafuu ya namna hiyo."

Walipokuwa wanampakia, nikakimbilia meza ya sista kutafuta faili lake. Lilikuwa chini kabisa ya rundo, lina jina lake la kwao, na pembe imekunjwa. Nikamrudia Bi Miwani dirishani nikiwa nimewaka.

"Wewe! Umemkunjia mkwe wangu?"

"Haki ya Mungu, sijaligusa! Nimelitoa kabatini likiwa hivyo hivyo. Ni faili la zamani, tazama tarehe."

Nikatazama. Miaka mitatu iliyopita alikuja na kikohozi, msichana nisiyemjua, kabla mwanangu hajamtia machoni. Na pembe ile ilikuwa imekunjwa mara mbili, ikabanwa kwa ukucha. Bi Miwani hukunja mara moja. Anayekunja mara mbili katika hospitali nzima ni mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amesimama pale anagombeza watu.

Nilikaa nje ya chumba cha upasuaji na faili mapajani. Nikaikunjua pembe, nikaisugua kwa kidole gumba, nikaikalia. Nilipoinuka ilijikunja tena. Mwanangu akafika mbio, shati limelowa, akaniuliza maswali ambayo sikuyasikia.

Daktari akatoka jioni, barakoa ikiwa shingoni.

"Kilikuwa kimepasuka," akasema. "Nimesafisha kadiri nilivyoweza. Yuko hai, lakini usaha ulikuwa umesambaa. Siku tatu hizi ndizo za kuangalia. Sitaki kuwaahidi." Kisha akanitazama mimi peke yangu. "Faili hilo, Mama, baadaye utaniletea. Linakwenda pamoja na yale mengine."

La thelathini na nane. Na kwenye fungu la yaliyokunjwa, la thelathini.

Daktari alipoondoka, mwanangu akanishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka.

"Ahsante, mama," akasema. "Ahsante sana. Kama usingekuwa unafanya kazi hapa, mke wangu angekufa kwenye lile benchi."

Mimi mwenye mdomo, mdomo ulinikataa. Nilimvuta akaketi kando yangu, nikamwekea faili la mkewe mikononi, nikamshika kidole nikakipeleka kwenye ile pembe.

"Usinishukuru, mwanangu," nikamwambia. "Hii niliikunja mimi."