Kikopo cha Kijiti

Mtaa mzima hakukuwa na mtu aliyejua matumbo ya watoto kama Bibi Tabibu. Akilibonyeza tumbo mara moja kwa kidole gumba, anakwambia lina nini. Jina la ugonjwa lilikuwa moja tu, minyoo, na kwa jina hilo aliwahi kumtibu binti wa jirani mpaka minyoo ikazaliwa, ikapewa jina la babu yake, na sasa inasoma darasa la pili.

Basi mjukuu wake, msichana waliyembandika jina la Kijiti, alipoanza kushika tumbo kila akila na kukimbilia chooni, bibi hakusita. Dawa ya minyoo. Tumbo likaendelea. Dawa tena. Kijiti akatoka vidonda mdomoni, bibi akasema hiyo minyoo inapanda juu kutafuta njia. Dawa ya tatu. Kama iliwahi kuwemo minyoo, ilishahama zamani.

Aliyeshtuka ni mama yake Kijiti, fundi cherehani. Sare za wanawe huzishona na upindo mpana, ili mtoto akirefuka ateremshe kidogo. Siku hiyo aliigeuza sketi ya Kijiti akaukuta upindo vilevile alivyoushona mwaka juzi, uzi haujaguswa. Tena mdogo mtu ndiye aliyekuwa akimrithisha dada yake nguo.

"Mama, mtoto huyu harefuki," akamwambia bibi.

"Ametufuata sisi. Kwetu ni wafupi."

"Wewe kila siku unagonga kichwa mlango wa jikoni."

"Mlango ndio mfupi."

Wakaenda hospitali. Daktari wa watoto alikuwa mwanamke kijana, bibi akaona bado ana meno ya utoto. Akampima Kijiti urefu na uzito, akamchungulia mdomoni, akamlaza na kumbonyeza tumbo kwa mkono mzima, jambo ambalo bibi aliliona ni ubadhirifu.

"Unaamka usiku kwenda chooni?"

Kijiti akaitikia kwa kichwa.

"Umewahi kuona damu?"

"Mara nyingine," akasema, akitazama viatu vyake. "Bibi alisema ni nyanya."

Mama akamgeukia bibi. Bibi akawa anahesabu mbao za dari.

"Katika ukoo kuna mwenye ugonjwa wa matumbo wa muda mrefu?"

"Kwetu hatuumwi matumbo," bibi akasema. "Tunaumwa midomo."

"Hilo nimeliona, bibi." Daktari akamgeukia mama. "Huenda utumbo una uvimbe wa siku nyingi, huenda sivyo. Leo tunachukua damu. Kesho mniletee choo chake kwenye kikopo hiki. Ndicho kitakachoniambia kama aende kwa mtaalamu, akatazamwe utumbo kwa kamera."

Kesho yake mama alikuwa na nguo za watu za kumalizia, kikopo kikaachwa mikononi mwa bibi. Kijiti akajifungia chooni, na alipotoka kikopo kilikuwa kikavu.

"Sitaki, bibi. Watakicheka choo changu."

"Wale wamesomea kutocheka."

"Basi nenda na chako."

Mtoto alitania, akashika njia ya shule. Lakini neno likamkaa bibi. Tangu jana ile kamera ilikuwa ikimzunguka kichwani; yeye kamera aliyoijua ni ile ya studio, yenye miguu mitatu na kitambaa cheusi. Wampitishie mjukuu wake dude lile? Wakiona choo kizima, watamwachia. Na katika nyumba ile nani mzima kama yeye? Akakichukua kikopo, akaingia, akafunga mlango.

Siku ya majibu daktari alizisoma karatasi, akazirudia.

"Hapa damu na choo vinagombana. Damu inasema amepungukiwa nayo, tena kuna uvimbe mahali. Choo kinasema utumbo umetulia kama darasa siku ya likizo."

"Alhamdulillahi, twendeni nyumbani," bibi akasema, ameshasimama.

"Sijamaliza, bibi. Choo hichohicho kimejaa mayai ya minyoo."

"Minyoo ipi tena?" mama akauliza. "Mtoto amemezeshwa dawa mara tatu."

"Ndiyo maana nauliza. Kikopo hiki kilikuwa cha nani?"

"Cha mtoto," bibi akasema. "Nilisimama mlangoni mimi mwenyewe."

Daktari hakubisha. "Sawa. Kikiwa chake, nampa dawa ya minyoo arudi nyumbani, kwa mtaalamu haendi. Na huo uvimbe, kama upo, utaendelea kumla taratibu."

Bibi akaketi. Macho yakamwangukia upindo wa sketi ya Kijiti, mpana kama shuka.

"Na hiyo kamera," akauliza polepole, "ina miguu mitatu?"

"Ni kamrija kembamba kuliko kidole chako, bibi. Tena atakuwa amelazwa usingizi."

Daktari akaweka mezani kikopo kipya, na kando yake kidonge na glasi ya maji. Hakusema ni vya nani. Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimcheza.

Kijiti akanyoosha mkono, akachukua kikopo.

"Changu hiki," akasema, akielekea chooni. "Hicho kingine cha bibi."

Bibi akakivuta kidonge karibu.

"Cha kumeza," akauliza, "au cha kutafuna?"