Kibanio Kichwani mwa Mama

Daktari bingwa wetu wa ubongo hakuwa na haja ya kuona wagonjwa. Aliona picha zao tu; wagonjwa, alisema, wanachanganya mambo.

Kazi yangu ni kufagia chumba cha mashine ya MRI na kushika sinia. Mashine ile ni sumaku tupu, kwa hiyo kila anayeingia huniachia vyuma vyake: pete, funguo, vibanio vya nywele.

Siku hiyo aliyeingia ni mama yangu mzazi. Kichwa kilimuuma wiki tatu, na mkono wa kushoto ulianza kuangusha vikombe. Alikuwa akimeza vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi, kwa ajili ya moyo.

"Dada," mpiga picha alininong'oneza, "kama damu inavuja ubongoni, vidonge hivyo vitammaliza."

Bingwa akaja na wanafunzi sita. Kwenye skrini, pembeni mwa ubongo, palikuwa na doa jeusi.

"Hiki nini?"

"Damu?" mwanafunzi mmoja alijibu, kama anayeomba radhi.

"Damu ya babu yako! Chuma huacha kivuli hivyo hivyo. Hicho ni kibanio. Akina mama hawa, unawaambia vua, wanaficha urembo. Aendelee na vidonge."

Wanafunzi wakaandika: kibanio. Mmoja akapiga mstari. Mpiga picha alifungua mdomo, Bingwa akamtazama, akaufunga.

Mimi hata salamu naitikia kwa kichwa. Nikamtazama mama, amekaa mlangoni, kilemba kimekazwa. Alishajua ninachowaza. Akanikazia macho: thubutu!

"Nisamehe, mama," nikasema, nikakivuta kilemba.

Upara ukang'aa kama sufuria jipya. Alikuwa amenyoa kichwa kwa wembe, ati maji baridi yafike penye maumivu, na aliniapisha nisimwambie mtu, hasa shangazi.

"Kibanio kimebana nini, daktari?" nikauliza.

Mama akainamisha kichwa mbele ya Bingwa. "Kitafute, baba. Ukikipata, ni chako."

Bingwa akakohoa, akawageukia wanafunzi. "Nilikuwa nawapima nyinyi. Nani alisema damu?"

Vidonge vilisimamishwa saa ile ile, mama akalazwa. Kwenye faili Bingwa aliandika: *Nimegundua damu.*

Damu ilikoma. Mkono unashika kikombe. Lakini mama hajanisamehe: shangazi alikuja wodini kumwona, akamletea zawadi ya kitana.