Safari ya Jiwe Linalolia

Mwalimu Otmar alizaliwa Ushirombo, mbali na ziwa, na hadi anafikisha miaka thelathini na moja alikuwa hajapanda mtumbwi. Juni ya mwaka 1975, shule aliyofundisha Ibadakuli, Shinyanga, ilipofunga, alikwenda na mkewe Generoza nyumbani kwa wakwe zake, kando ya ziwa huko Nungwe, wapumzike wiki mbili. Ndoa yao ilikuwa na miezi minane tu.

"Ukiondoka hujaliona Jiwe Linalolia, utakuwa umekuja kufanya nini?" Generoza alimwambia siku ya tatu.

Kilikuwa kisiwa kidogo cha majabali matupu, hakina mti wala nyumba. Baadhi ya mawe yake, ukiyagonga, yalilia kama kengele za kanisa. Otmar akavaa suruali yake ya tetroni na viatu vya raizoni vyenye soli nene, akateremka ufukweni amechangamka. Uchangamfu ule ulikatika alipomwona mwenye mtumbwi. Theonest alikuwa kijana wa mabega mapana, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Gene, umenenepa!"

Generoza akacheka. Otmar hakuwahi kumwita mkewe Gene.

"Mmefahamiana tangu lini?" aliuliza walipokwisha kuingia majini.

"Tangu hatujaota meno, shemeji," Theonest alijibu, akipiga kafi taratibu. "Hebu chukua hilo kopo, uchote maji, mtumbwi unavuja kidogo."

Basi Otmar akawa wa kuchota maji, huku wenzake wakikumbushana mambo ya zamani. Mara nyavu zilizokatika, mara kiboko aliyewakimbiza. Kila kisa kilimchoma, kwa kuwa yeye hakuwamo hata katika kimoja.

Walipofika, ndege weusi waliruka kwa kishindo. Generoza alivua viatu akapanda majabali kama mtu aliyerudi chumbani kwake. Akaokota jiwe, akagonga. Ikatoka sauti nyembamba, tamu. Upande wa pili Theonest akagonga jabali lake, likaitikia kwa sauti nzito. Hawakuambiana kitu. Mikono yao ilipokezana tu, mpaka ukatoka wimbo mzima wa mavuno. Generoza alikuwa amefumba macho.

Otmar naye akagonga jabali lililokuwa karibu. Likatoa *ko*, basi.

"Hilo halilii, shemeji," Theonest alisema. "Hilo ni jiwe tu."

Generoza akacheka tena, na kicheko kile kikamwingia Otmar kifuani kama kaa la moto. Aliteremka mpaka kwenye mtumbwi, akafungua kamba, akausukuma majini na kuurukia.

"Generoza! Njoo tuondoke! Huyo abaki na mawe yake!"

Lakini mtumbwi haukumsubiri Generoza. Otmar alipiga kafi huku, ukageuka kule. Akapiga kule, ukazunguka. Upepo ukausukuma mbali na mwamba, kafi likamponyoka, na maji yaliyokuwa yakichotwa kwa kopo sasa yakamfika vifundoni. Alishika kingo mbili za mtumbwi na kuanza kutaja majina ya watakatifu.

Generoza ndiye aliyemfikia kwanza. Aliogelea na kitenge chake, akashika ubavu wa mtumbwi akihema.

"Ulitaka kumwacha mtu kwenye mwamba?"

"Mlikuwa wachumba?" Otmar aliuliza. Hakuwa na swali lingine kichwani.

"Alinichumbia, na nilikubali," Generoza alisema. "Halafu nikaenda Shinyanga kujifunza kushona, nikakuona wewe. Nilimwandikia barua mwenyewe nikamwomba radhi, akanisamehe. Leo hii ndipo ninapojiuliza kama nilikosea."

Theonest alikuja na kafi aliloliokota majini, akapanda nyuma, na Generoza akapanda mbele. Njia nzima Otmar alichota maji. Ufukweni, Otmar alinyoosha mkono.

"Ndugu yangu, nisamehe."

"Yamekwisha, mwalimu," Theonest alisema. Hakumwita shemeji tena.

Asubuhi yake Generoza alizungumza huku akipepeta mchele, bila kuinua macho. "Wewe tangulia Shinyanga. Mimi likizo nitaimalizia kwa mama."

Otmar alitaka kukataa. Alijua kwamba mtumbwi ule ungekuwa palepale kila siku, na Theonest yupo. Lakini alikumbuka mwamba ule mtupu na mtu ambaye yeye alitaka kumtelekeza juu yake, akapanda basi peke yake.

Siku kumi na moja zile alizimaliza vibaya. Alilala mchana, akaamka na hasira, akaandika barua tatu na kuzichana zote. Saa nyingine aliwaona wawili wale wakigonga mawe waziwazi, kama wako mbele yake.

Siku ya kumi na mbili Generoza alishuka kwenye basi, amebeba kapu la samaki wakavu, wakubwa, waliokaushwa vizuri. Otmar alilipokea kapu. Swali lilimjaa mdomoni, samaki hawa wametoka kwa nani, akalimeza.

"Pole na safari," alisema.

Generoza alimtazama, akaona kwamba hakuuliza, akaanza kutembea kando yake kuelekea nyumbani.