Dawa Iko Angani

Nyoka aina ya kifutu alimgonga Faustina mkononi asubuhi akichimba tangawizi shambani kwao, kijijini Mamba. Hadi gari linamshusha hospitalini Same, mkono ulikuwa umevimba mpaka begani na fizi zinavuja damu.

"Dawa ya sumu ya nyoka imetuishia," Daktari Swalehe alimwambia Nathanaeli, mume wa Faustina. "Tumepiga simu huku na huku. Iliyopatikana iko Dar es Salaam. Ikifika kabla ya saa kumi, nina matumaini. Ikizidi hapo, mzee wangu, siwezi kukudanganya."

Kwa basi ni safari ya kutwa. Binti yao Careen, aliyekuwa akiishi Dar, aliinunua dawa, akaitia kwenye kiboksi chenye barafu, akawahi ndege ya saa sita na nusu ya kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro.

"Baba, angani ni saa moja na dakika chache tu," alisema kwenye simu. "Saa nane kasorobo nimeshatua."

Nathanaeli alishusha pumzi. Saa moja! Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Kutoka uwanjani hadi Same barabara inakula saa mbili na nusu. Hata mambo yakienda vizuri, dawa ingefika saa kumi imeshapita.

Saa nane simu iliita tena. Alikuwa Abdulmajid, dereva aliyekuwa akimsubiri Careen uwanjani.

"Shikamoo mzee. Ndege imefika, ila haitui. Wingu limefunika uwanja. Inazunguka huko juu, tunasikia mngurumo tu."

Nathanaeli alimtazama mkewe, akamgeukia daktari. "Tuifuate dawa. Tukutane nayo njiani."

"Damu yake haigandi. Kumtikisa barabarani ni hatari."

"Na kumwacha hapa?"

Daktari aliangalia saa ya ukutani. Kisha akamwita muuguzi, na yeye mwenyewe akapanda gari la wagonjwa.

Walipopita Mwanga, ujumbe uliingia: ndege imetua saa nane na nusu. Faustina hakuwa akijibu tena. "Mama Careen, niitikie," Nathanaeli alirudia, akimpapasa miguu iliyopoa. "Niitikie basi." Muuguzi alitazama dirishani.

Walisimama Himo, kwenye kituo cha afya walikopatana na Abdulmajid kukutana. Robo saa waliyongoja hapo ilikuwa ndefu kuliko siku nzima. Saa kumi kasoro dakika tano gari la Abdulmajid liliingia likitimua vumbi, na Careen akaruka kabla halijasimama, kiboksi kifuani. Daktari alikipokea bila salamu, akamtundikia Faustina dawa palepale.

Jua lilipokuwa likizama, damu ya fizi ilikata. Faustina alifumbua macho, akamwona binti yake, akashangaa: "Umefika lini, wewe?"

Baadaye walimkata kidole kimoja. Lakini jioni ile Nathanaeli alitoka nje, akaegemea ukuta wa kituo, akalia kwa sauti mbele za watu bila kujificha.